Mwaka wa Matunda Matupu

Tulimzika Mama Njeri wiki jana, na tangu tutoke makaburini nyumbani kwangu hakukaliki. Nafungua madirisha hata kukiwa na baridi. Juzi mume wangu alileta mkungu wa ndizi, nikautoa nje kabla hata hajaweka funguo mezani. Akauliza ndizi zimenikosea nini. Nikamwambia ziive huko huko nje, zikishaiva atazila. Ni mtu mpole, hakuuliza tena, lakini nilimsikia akimnong'onezea binti yetu kwamba mama yako tangu mazishi amekuwa mtu wa kuogopa matunda. Uongo mtupu. Matunda nayala. Nakula papai asubuhi, nakula chungwa mchana, na hata sasa kuna parachichi jikoni linangoja ugali. Nisichoweza ni kulala ndani ya nyumba ambamo matunda mengi yanaiva pamoja, gizani, na kuvuta ile hewa yake. Umri nilio nao unatosha kujua kwamba hewa haina kosa. Lakini nilikaa Kinoo, pembeni mwa jiji, mwaka mmoja nikiwa msichana, na kilichoniingia mwaka ule hakijatoka mpaka leo.

Sitaeleza nilikotoka wala ni nani alinizaa. Hao hawakuwa Kinoo. Nilikuwa msusi katika saluni moja ya katikati ya jiji, ghorofa ya pili, jengo ambalo ngazi zake zina giza hata jua likiwa utosini, na nilikuwa natafuta chumba. Nikakipata nyuma ya nyumba ya mawe ya mjane, naye ndiye Mama Njeri. Siku ya kuhamia aliniita niingie kwake nipumzike. Sebule ilikuwa kama sebule nyingi za akina mama wa kule: sofa nzito zenye vitambaa vyeupe vya kufuma, kalenda ya kanisa, picha ya marehemu mumewe amevaa koti la kahawia, na karibu na dirisha kiti chake, ambacho hakuna aliyekikalia. Ilikuwa saa ya chakula cha mchana. Niliwekewa bakuli la papai na bakuli la maembe, tukaomba, tukala, na mama wa watu akaanza kupangusa meza. Nilidhani tunaondolewa matunda ili chakula kiletwe. Hakikuja. Ndipo nikatambua kitu kilichokuwa kikinisumbua tangu nivuke kizingiti: nyumba ile haikuwa na harufu ya kupika. Hakukuwa na kitunguu, hakukuwa na moshi, hakukuwa na ile harufu ya maziwa yaliyofurika jikoni. Kulikuwa na harufu moja tu, tamu na nzito, na ilikuwa inatoka vyumba vya kulala.

Njeri ndiye aliyenitembeza. Alikuwa binti wa pekee, rika langu, mrefu, mcheshi, akisomea uhasibu katika chuo kimoja mjini. Jikoni jiko la gesi lilikuwa limefunikwa shuka jeupe kutoka juu mpaka sakafuni, na mtungi umetolewa. Sufuria zilikuwa zimepangwa juu ya kabati, zimegeuzwa chini juu. Kisha akanifungulia vyumba. Chini ya kila kitanda kulikuwa na maparachichi yaliyofungwa kwa magazeti, na kwenye kabati, katikati ya makoti ya marehemu babake, maembe yalipangwa kwa safu juu ya rafu. Bafuni ndizi zilining'inia kwenye bomba la mvua. Njeri alinishika mkono akauingiza chini ya kitanda cha mamake, nikahisi joto. Nakuambia lilikuwa joto la kweli, kama la mtu aliyetoka kulala pale. Nikauondoa mkono haraka, naye akacheka. Akasema, akimtaja mamake kwa lugha ya vijana wa mjini, "Tunakula vile Adamu alikuwa anakula. Mathe anaamini baba aliuawa na sufuria."

Baba Njeri alikuwa amekufa mwaka mmoja kabla, baada ya kuugua wiki chache tu, na kila mpangaji alikuwa na habari zake. Mmoja alisema alirogwa na mshirika wake wa biashara, mwingine akasema ni vidonda vya tumbo, mwingine ni nyama choma na bia. Mama Njeri mwenyewe hakutamka ugonjwa. Alisema "moto ulimmaliza", akimaanisha vitu vilivyopikwa, na hapo mdomo ulifungwa. Aliyempa maneno hayo ni Mwalimu Elkana, mzee mwembamba wa sauti ya chini, aliyewahi kufundisha shule ya msingi. Alikuwa amekaa miaka mingi bila kuonja chochote kilichopita motoni, wala nyama, wala maziwa, wala yai, wala nafaka. Ni matunda tu. Mungu, alisema, alimpa Adamu matunda kabla mwanadamu hajajua moto, na magonjwa yote yaliingia kwa mlango wa jikoni. Watu wakidhani naeleza habari za tapeli, hapana. Hakuomba hata sadaka. Angekuwa tapeli ningejua la kumwambia. Yeye aliamini, na aliishi alivyoamini, na mtu wa hivyo huna pa kumshika.

Kila Jumapili alasiri, baada ya ibada ya kawaida kanisani, watu wake wachache walikusanyika kwenye ile sebule: akina mama wa mtaa, wapangaji wawili watatu, na mzee mmoja aliyekuja kutoka mtaa wa Kabiria. Waliimba, na waliimba vizuri, siwezi kuwanyima haki yao. Halafu walifanya jambo ambalo sijaliona popote tena. Kila mmoja alimgeukia jirani yake, akaweka pua karibu na mdomo wake, na kunusa pumzi. Mwalimu alifundisha kwamba mwili ukisafika, pumzi hunukia bustani. Mwili uliojaa chakula cha moto hunukia udongo. Basi unaona watu wazima, wake kwa waume, wameinamiana kimya, wanavutana pumzi, halafu mmoja anasema taratibu, "Udongo," au, "Udongo bado, lakini si kama wiki jana." Hakuna aliyecheka. Mara ya kwanza mama mmoja aliponinusa alifumba macho muda mrefu, nikadhani amelala. Akasema, "Udongo, mtoto wangu. Mwingi." Niliudhika, maana nilikuwa nimepiga mswaki.

Hata hivyo nilijiunga. Nilikuwa mpweke, Njeri alikuwa amekuwa rafiki yangu, na nisiseme uongo, wiki za kwanza zilikuwa tamu. Tumbo lilikuwa jepesi. Niliamka kabla ya kengele. Ngazi za saluni nilizipanda nikiimba, mpaka wateja wakauliza nimepata bwana wa wapi. Mwalimu alisema hiyo ndiyo furaha ya mwili unaofunguliwa. Kisha mwili ukaanza kudai chake. Nilisikia baridi saa za jua kali, nikawa nasuka nimevaa sweta. Tumbo lilijaa upepo, mara linaharisha, mara limefura kama la mja mzito. Meno yalianza kuuma nikila nanasi, na fizi zikitoa damu. Mgongo wa ulimi ulikuwa na vidonda. Siku zangu za mwezi zilikosa kuja, zikakosa tena, na mimi sikuwa na bwana wa kusingizia. Usiku niliota ugali. Sikuota naula, niliota tu umekaa mezani, unatoa mvuke, na mimi siwezi kuufikia. Kila nilipolalamika niliambiwa ni uchafu wa zamani unatoka. Ajabu ya jibu hilo ni kwamba halishindiki: ukijisikia vizuri, matunda yanafanya kazi, ukijisikia vibaya, yanafanya kazi zaidi. Mimi ni Mluhya, mtoto wa ugali, na uvumilivu wangu una mwisho. Mchana mmoja nilishuka kwa mama mmoja wa kibanda nyuma ya saluni, nikaagiza ugali, sukuma wiki na omena, vile vidagaa vya ziwani, nikala mpaka jasho likanitoka, nikalia kidogo, nikaongeza sahani. Jumapili iliyofuata waliponinusa wakasema udongo, nikasema amina. Hawakunifukuza, walinihurumia tu.

Jambo la Mwalimu na miguu yake ndilo lililoniingiza woga wa kweli. Kwa muda mrefu nilikuwa nimeona anavyotembea: anainua mguu juu kuliko inavyohitajika, kisha anaubwaga chini kwa kishindo, huku akitazama sakafu kana kwamba haamini ipo. Alikuwa akisema mwenyewe, kwa furaha, kwamba dunia imeanza kumwachilia. Hahisi tena udongo chini yake, ganzi imepanda hadi magotini. Jumapili moja alivua viatu mlangoni, kama alivyopenda, akatembea sebuleni akifundisha, huku na huku, kutoka mlangoni hadi dirishani. Nilisikia kitu kikigonga saruji kila alipoweka mguu wa kulia. Ndipo nikaona nyayo. Sakafu ya Mama Njeri ilikuwa nyekundu, ya kupakwa nta, kwa hivyo damu haikuonekana upesi. Ilionekana tu ilipong'aa. Msumari ulikuwa umeingia kisiginoni, ukakaa, na kichwa chake ndicho kilichokuwa kikigonga. Alikuwa anaendelea kufundisha kwa sauti ile ile ya chini, akitukanyagia damu yake sebule nzima. Nikanyoosha kidole. Mwalimu akasimama, akageuza wayo, akautazama msumari kama unavyotazama kitu cha mtu mwingine, akauchomoa na kuuweka mfukoni. Mama mmoja akaanza wimbo. Wote wakadakia, na mimi nikajikuta naimba nao.

Nilimwambia Njeri jioni hiyo kwamba yule mzee ni mgonjwa, na sisi tunamfuata huko anakokwenda. Akasema mimi na ugali wangu tumekuwa wanafiki. Alikuwa anatania, lakini hakucheka. Siku chache baadaye alikuja saluni nimsuke. Ilikuwa asubuhi, wateja hawajaja. Nilipotia kitana, nywele zilinifuata mkononi, shungi zima na mizizi yake, bila yeye kushtuka wala kusema anaumia. Nikazificha kwenye mfuko wa aproni. Nikainama kumgawanyia utosi, na hapo ndipo nilipoinusa. Ilikuwa harufu ya tunda lililoiva likapita, lile ambalo ukilibonyeza linatoa maji, na ndani yake kulikuwa na kitu kikali kidogo, kama dawa ya kufutia rangi ya kucha tuliyokuwa nayo pale kwenye rafu. Niliangalia kama chupa imeachwa wazi. Ilikuwa imefungwa. Harufu ilikuwa inatoka kinywani mwa Njeri, na kila alipozungumza iliongezeka. Aliomba maji, akanywa chupa, akaomba tena. Kabla sijamaliza kichwa alikuwa amekwenda chooni mara nyingi hata bibi mwenye saluni akaniuliza kwa macho.

Jumapili ile mama wa kwanza aliyemnusa alirudi nyuma akashika kifua. Hakusema udongo. Alisema, "Bustani." Wakapanga foleni. Mmoja mmoja waliinama mdomoni kwa Njeri, na kila aliyeinuka alikuwa na machozi. Mwalimu alikuja mwisho, akibwaga miguu yake, akanusa, akapiga magoti. Miaka yote hiyo, alisema, yeye mwenyewe hakuwahi kupewa. Wakamketisha Njeri kwenye kile kiti cha dirishani, kiti cha babake, na kuanzia hapo kiti kikawa chake. Habari zilienea. Watu walianza kuja hata siku za kazi, hata mama mmoja aliyetoka Kitisuru, mtaa wa matajiri, na dereva wake, wakaketi mbele ya msichana wa watu wakisubiri awapulizie. Naye alizidi kukonda. Mashavu yaliingia, macho yakawa makubwa, akasema anaona watu kama walio nyuma ya nailoni. Chuo aliacha kwenda. Bafuni kwao, chini ya zile ndizi, sisimizi walianza kupanga mstari kutoka ukutani hadi chooni, weusi, wanyamavu, hawagusi hata tunda moja. Walikuwa wanafuata mkojo wake. Mama Njeri hakuwafagia. Aliwaruka.

Wiki jana makaburini mtu wa kanisa alisoma wasifu wa marehemu, na mwaka ule wote aliuruka. Alitoka kifo cha mume akaingia moja kwa moja kwenye kikundi cha akina mama na ng'ombe wa maziwa. Nilitazama watu, nikaona kuna vichwa kadhaa vilivyoinama hapo hapo nilipoinamisha changu. Sikuwalaumu. Ningesoma mimi, ningesoma nini? Kwamba mama huyu, ambaye sijapata kumwona akimkaripia mtoto, alimtazama binti yake akikauka kama jani na uso wake ukazidi kung'aa? Maana ndivyo ilivyokuwa. Mwezi ule Mama Njeri alinenepa uso. Alianza kutembea akijiimbia. Siku moja nilipokuwa naanika nguo nje ya dirisha la chumba chake, nilimsikia akizungumza, polepole, kwa Kikuyu na Kiswahili, sauti ya mke anayemwandalia mume maji ya kuoga. "Leo umekuja mapema," alisema. Akanyamaza kama anayesikiliza, akacheka. "Basi kaa. Mimi siendi popote." Nilidhani yuko kwenye simu. Nilipozunguka sebuleni kumuuliza jambo, simu yake ilikuwa juu ya meza, na Njeri alikuwa amelala usingizi kitini, mdomo wazi. Mlango wa chumba cha mamake ulikuwa wazi pia. Mama alikuwa ameketi kitandani peke yake, amelalia bega la koti la kahawia lililotundikwa kwenye kabati la kando ya kitanda, katikati ya maembe.

Nilimbana Njeri siku iliyofuata. Nilimwambia atakufa. Nilisema hivyo hivyo, bila kupaka asali, kwamba atakufa kwenye kile kiti huku watu wanamwimbia, twende hospitali, hata kama ni kwa kujificha, tuseme tunakwenda mjini. Alijibu kwa shida, maana hata ulimi ulikuwa umekauka.

"Mathe analala siku hizi, Kageha," akasema. "Tangu baba aende alikuwa halali. Nilikuwa namsikia akitembea kwa nyumba mpaka asubuhi. Sasa ananikumbatia, ananinusa, analala. Ukiniambia nile, unaniambia nimwamshe."

Nilikwenda kazini nikasuka watu vibaya siku nzima.

Jumapili ya mwisho sebule ilijaa hadi mlangoni. Njeri alikuwa kitini, kichwa kimeegemea dirisha, na alikuwa anapumua. Naona nikisema hivyo haitoshi. Alikuwa anavuta pumzi kutoka chini kabisa, kwa nguvu, anaitoa yote, anavuta nyingine, bila kupumzika, kama mtu anayepanda mlima, na hali ameketi, macho nusu yamefungwa. Sauti yake ilijaza chumba. Watu waliimba, na taratibu, bila mtu kupanga, wimbo ukaifuata pumzi yake. Akivuta, wanavuta. Akitoa, neno linatoka. Nilitazama midomo yao ikifunguka na kufungika pamoja na wake, na vijinzi vya matunda vikizunguka juu ya kichwa chake, na nikajua kwamba wimbo ule hautakoma mpaka yeye akome. Nikamtikisa bega, nikaita jina lake. Hakuniona. Mwalimu akaniambia kwa upole nisiivuruge bustani. Nikamtafuta mamake, sikumwona pale. Nilimkuta chumbani, amesimama, macho yamefumbwa, anavuta hewa inayotoka sebuleni. Alikuwa anatabasamu.

"Unasikia?" akaniuliza. "Ni yeye."

Nikauliza nani.

"Baba Njeri. Hii ndiyo harufu yake. Zile siku za mwisho alikuwa ananukia hivi, hivi hivi, hata mto wake. Nilidhani nimempoteza. Na sasa amerudi kwa mtoto."

Kwa muda kidogo, na sijui kama ninyi mnaosoma mtaniamini, nilimwamini. Niliona koti pale kabatini na nikaona linajaa. Lakini pumzi ya Njeri ilikuwa inaendelea nyuma yangu, ile ya mlima, na swali likanitoka lenyewe.

"Mama, na baba alikuwa anapumua hivyo pia?"

Aliendelea kuvuta hewa.

"Kabla hajafa, mama. Alikuwa anapumua hivyo?"

Alifungua macho. Alisikiliza. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kwa wiki nyingi kusikia kilichokuwa kikitoka sebuleni, badala ya kukinusa. Uso wake, ule uliokuwa umenenepa, ulianguka wote kwa pamoja. Akasema kwa sauti ndogo sana, "Usiku wa mwisho." Halafu akasema, "Daktari alisema ni sukari. Sikutaka mtu ajue." Halafu akanipita. Aliingia katikati ya wimbo akiwa na mikono mbele, akisukuma watu, mama yule mpole, akamwangusha mzee wa Kabiria, akamwinua binti yake kitini kama mtoto wa kunyonya. Waliendelea kuimba kidogo, kwa mazoea, hata alipokuwa amefika naye mlangoni. Wimbo ulikufa sauti moja moja. Dereva wa yule mama wa Kitisuru, ambaye alikuwa akingoja nje, alitupeleka hospitali bila kuuliza chochote, na Mama Njeri akapiga kelele njia nzima, akimwita mumewe amwachilie mtoto.

Kile kipimo kidogo cha damu kilishindwa kusoma. Daktari alisema sukari imepita pale mashine inapofika. Alikuwa kijana mwenye sauti ya uchovu, na alitueleza kwa subira, akitazama zaidi ukuta kuliko sisi. Mwili wa Njeri ulikuwa umekosa kile kinachoingiza sukari ndani, kwa hivyo sukari ilirundikana kwenye damu huku nyama ikifa njaa. Mwili ukaanza kujichoma wenyewe kupata nguvu, na damu ikajaa asidi. Harufu ile ya matunda ndiyo moshi wake. Matunda hayakuuleta ugonjwa, alisema, huenda ungekuja tu, maana upo katika ukoo. Lakini kula matunda matupu, mchana na jioni, kuliumwagia mafuta, na kulimpa kila mtu sababu ya kutouona: kukonda, kiu, nywele, yote yalikuwa yameshapewa majina mazuri. Akaongeza kwamba asiye na sukari naye haishi kwa matunda peke yake, atakosa vya kujenga damu na mishipa na mifupa, na nikaifikiria ile miguu ya Mwalimu kwenye sakafu nyekundu. Mama Njeri aliuliza swali moja tu, kama tungechelewa mpaka jioni ingekuwaje. Daktari alimtazama sasa, akasema, "Mama, msingekuja naye. Mngekuja kuchukua mwili."

Walimtia dripu na dawa, na sisi tukakaa kando ya kitanda kwenye benchi la mbao, siku baada ya siku, wodi ya wanawake, harufu ya dettol na mashuka. Mwalimu Elkana alifika mara moja tu, akasimama mlangoni na fimbo, akamtazama Njeri, hakuingia. Pumzi ya Njeri ilishuka polepole, ikawa pumzi ya mtu aliyelala. Asubuhi ambayo daktari alisema amevuka, Mama Njeri alisimama, akashika ukingo wa kitanda, akainama na kuweka pua yake mdomoni mwa binti yake. Nilitaka kumvuta. Nilidhani amerudia yale yale. Alikaa hapo muda mrefu, akinusa, kisha akasogea, akanusa shingo, akanusa mto. Hakukuwa na kitu pale ila mdomo wa mgonjwa ambaye hajapigwa mswaki.

"Hayupo," akaniambia. "Kageha, ameenda. Ameenda kabisa sasa."

Akaketi kwenye benchi na kulia. Sijawahi kusikia mtu akilia vile, wala msibani, wala wiki jana kaburini kwake mwenyewe. Alimlilia mumewe kwa sauti, kama aliyeletewa habari asubuhi ile, na wagonjwa wakainua vichwa, na mimi nilimshika mabega nikiwa na furaha na hasira na huruma vyote kwa mpigo, sijui kipi nikitangulize. Kelele ndiyo iliyomwamsha Njeri. Alifungua macho, akatutazama kama anayetuona kutoka mbali, akauliza mama analia nini.

Mama Njeri alijipangusa uso kwa leso, pande zote mbili, taratibu.

"Si kitu," akasema. "Ni njaa, mtoto wangu. Sijala tangu baba yako afe."